UREFU WA BOMBA HAUPIMWI KWA SHILINGI



Safari hii nataka kusema juu ya bomba lililopindwa. Najua wengine watacheka, kwa maana katika karatasi hii tumezoea habari za mishahara na nyumba. Lakini someni, hasa ninyi wa matangi ya mafuta, na ninyi vijana mnaotumaini kazi katika mafuta ya Turkana.

Kila mtu ameona bomba la chini ya sinki. Limepindwa kama herufi U, na maji kidogo hubaki ndani yake. Maji hayo ndiyo yanayozuia uvundo wa mtaro usipande nyumbani. Basi katika kazi ya mafuta ni vivyo hivyo. Mafuta yatokayo ardhini huja na gesi ndani yake, kama soda ya chupa. Hupitishwa kwanza katika chombo cha chuma ili gesi ipate kutoka, kisha huteremka kwenda tangi la kuwekea. Kati ya chombo na tangi huwekwa bomba kama lile la sinki, ila ni refu mara nyingi. Mafuta hupita, gesi hubaki nyuma, kwa kuwa yazuiwa na uzito wa mafuta yaliyosimama bombani. Sisi twakiita kizibo cha maji, hata kama kilichomo ni mafuta.

Sasa sikieni hesabu, nayo si ngumu. Maji yaliyosimama mita 10 yana presha ya kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Tuiite kilo tu. Mafuta ni mepesi, kwa hiyo yatakiwa karibu mita 12 kuizuia kilo hiyo moja. Kama chombo hukaa siku zote kwenye sehemu moja ya kumi ya kilo, mita 1.2 za mafuta zatosha. Mwenye kampuni atafurahi, maana bomba fupi ni rahisi, wala hahitaji kukiinua chombo juu ya nguzo ndefu. Lakini chombo hicho hicho kina valvu ya usalama, nayo imewekwa ifunguke, tuseme, kwenye nusu kilo. Maana yake wakubwa wenyewe wamekiri ya kwamba iko siku presha itafika nusu kilo! Siku hiyo zatakiwa mita 6, na zaidi, kwa sababu mafuta yenye povu ni mepesi kuliko mafuta matulivu, tena valvu ikianza kufunguka presha hupanda kidogo kabla ya kushuka. Aliyejenga mita 1.2 amejenga kizibo cha siku za amani. Siku ya taabu gesi itayasukuma mafuta yote nje, kama mtoto apulizavyo maji katika mrija, kisha itakwenda moja kwa moja tangini.

Na tangi je? Wengi huliona kubwa wakadhani lina nguvu. Bati la chuma la paa lenye unene wa milimita 5 lina uzito wa kilo 39 hivi kwa kila mita ya mraba. Presha ya maji ya kina cha sentimita 4 tu yatosha kuliinua. Nusu kilo yetu ni sentimita 500. Matundu ya kupumulia yaliyo juu ya tangi yamepimwa kwa hewa inayotoka wakati wa kujaza, hayakupimwa kwa gesi inayokuja kwa kishindo.

Watu wengine wasema, kuna valvu ya kushika kiwango cha mafuta, na kuna mwendesha mitambo anayeitazama, kizibo kirefu cha nini? Hao wakumbushwe Grangemouth, Uingereza, tarehe 22 Machi 1987. Pale hapakuwa na bomba lililopindwa, lakini kazi ilikuwa ile ile: mafuta yaliyokaa chini ya chombo chenye presha ya zaidi ya kilo 150 ndiyo yaliyozuia gesi isiingie katika chombo cha pili, kilichojengwa kwa presha ndogo zaidi sana. Valvu ilifunguliwa, mafuta yakaisha, gesi ikapita, chombo cha pili kikapasuka. Mtu mmoja akafa. Uchunguzi ulionyesha nini? Kifaa cha kufunga valvu kiwango kikishuka mno kilikuwa kimekatwa miaka kadhaa kabla. Na chombo cha kuandika kiwango, ambacho watu wa zamu walikitegemea, kilikuwa hakisemi kweli. Sasa niambieni, huyo aliyekuwa kazini asubuhi ile angefanya nini? Na Pitkin, Louisiana, huko Marekani, tarehe 4 Machi 1998, watu wanne walikufa kwa sababu chombo kisichojengwa kushika presha yoyote kilipata presha, wala hakikuwa na valvu ya usalama. Serikali yao iliona ya kwamba mtambo ule haukufanyiwa ukaguzi wa mpango wake kama ipasavyo, na wafanyakazi hawakupewa maagizo ya kazi yaliyoandikwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi mahali ambapo sitapataja. Kizibo chetu kilikuwa na kibomba kidogo juu ya pindo, cha kuingiza hewa. Bila kibomba hicho, mafuta yakienda mbio huvutana yenyewe yakatoka yote, bomba likabaki tupu. Kibomba kile kilikuwa kikidondosha matone njiani wanapopita wakubwa, basi kikazibwa. Hatukuambiwa. Usiku mmoja ndugu yetu alipanda tangini kupima mafuta kwa fimbo, akashuka akipepesuka kama mlevi. Asubuhi alipewa barua ya onyo kwa kulewa kazini! Chama kilipigana wiki tatu mpaka barua ile ikachanwa, na aliyeamuru kibomba kizibwe hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Turudi Turkana. Twaambiwa mafuta yale ni mazuri, salfa yake ni kidogo. Ni kweli, lakini gesi yake yawaka vilevile. Tena yana nta nyingi, huganda yakipoa, ndiyo sababu tangu 2018 yalipopelekwa Mombasa kwa malori yalibebwa katika matangi yenye kuhifadhi joto. Sasa fikirini kizibo kirefu, kimesimama nje usiku, mafuta hayaendi. Yataganda. Asubuhi mwendesha mitambo ataona chombo kinajaa, hakuna kinachotoka chini, simu yalia, mkubwa anauliza. Atafanya nini? Atafungua valvu ya njia ya pembeni. Na njia ya pembeni haina kizibo! Kwa hiyo bomba hilo lifunikwe na kupashwa joto tangu siku ya kwanza, na njia ya pembeni ama isiwepo, ama ifungwe kwa kufuli na ufunguo uandikwe katika daftari.

Tusidanganywe ya kwamba haya ni mambo ya mainjinia peke yao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wamo ndani yake. Sheria hiyo hiyo yasema mtu aliyeondoka mahali pa kazi kwa kuwa na sababu ya haki ya kuamini pana hatari kubwa iliyo karibu hatafukuzwa wala kuadhibiwa. Wajumbe wetu wa kamati wadai kuona michoro kabla ya chuma kukatwa. Waulize presha gani ilitumika kupima urefu wa kizibo, ya kila siku au ya valvu ya usalama. Waulize kama pana kioo cha kuonyesha kiwango ndani ya bomba, nani ataongeza mafuta kikipungua, na valvu ya kumwagia iliyo chini kabisa itafungwaje. Mwenye kampuni akijibu ya kwamba fedha haitoshi kwa nguzo za mita 6, jibu hilo liandikwe kama alivyolitamka, na jina lake na tarehe, lisomwe mbele ya mkutano wa tawi.

Wanaotaka kujifunza hesabu hii vizuri zaidi wampe katibu wa tawi majina yao. Waje na penseli.