Jumamosi ya Usafi, Tufike na Kwenye Ruta

Ndugu wapangaji, wenye nyumba na wajumbe wa mashina,

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mitaro ikishazibuliwa na mafagio yakishawekwa chini, naomba tujipe saa moja zaidi. Kila nyumba yenye waifai iingie kwenye ruta yake na kubadilisha nywila. Tufanye mtaa mzima, siku hiyohiyo.

Najua wengi watajibu, "Kwangu kuna nini cha kuiba?" Waulizeni Waliberia. Mwaka 2016 mtandao wa kampuni ya simu ya Lonestar ulielemewa hadi wateja wake wakakosa intaneti. Aliyeushambulia, Mwingereza Daniel Kaye, alikuwa amelipwa na mtu wa kampuni shindani. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka 2 na miezi 8. Silaha yake ilikuwa programu ya ukoo wa Mirai, ambayo huzurura mtandaoni ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, sitini na kitu tu, kwenye kamera za ulinzi na ruta za majumbani. Kifaa kikikubali, kinaingizwa jeshini. Mwenyewe anaendelea kutazama geti lake kwenye simu, hana habari. Intaneti ikiwa nzito anailaumu kampuni.

Kwa hiyo mshambuliaji hana shida na picha zako za harusi. Anataka kifaa chako akampigie mtu mwingine, na anakihitaji pamoja na cha jirani na cha jirani yake. Ndiyo maana nyumba moja ikijifunga peke yake haitoshi.

Geuza ruta. Kwenye kibandiko cha chini kuna namba kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu, nawe utaulizwa jina na nywila. Ruta nyingi za zamani hufunguka kwa "admin" na "admin". Hapo wengi huchanganya: nywila ya waifai ni moja, na ya kuingilia mipangilio ya ruta ni nyingine. Badilisha zote mbili. Tumia maneno manne yasiyohusiana, na tafadhali, namba ya simu yako isiwe nywila, maana mtaa mzima unayo. Ukiwa humo humo, kwenye usalama wa waifai, chagua WPA2 au WPA3, si WEP ya zamani. WEP ilishavunjwa tangu 2001. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN, zima ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba, kisha usasishe programu yake.

Nyumba za kupanga zina lao. Mwenye nyumba analipia, vyumba sita vinatumia, na mpangaji akihama anaondoka na nywila kichwani. Akihama, ibadilishwe. Ruta ikiwa na mtandao wa wageni, wageni, kamera na televisheni viishie huko.

Vijana wa vyuo na mafundi simu, siku hiyo ni yenu. Piteni kwa wazee, muwaelekeze bila kudai ya soda. Ila nywila aiandike mwenye nyumba mwenyewe, nanyi muangalie pembeni mpaka amalize.

Kampuni za intaneti nazo zisipone. Fundi anafunga ruta, anajaribu kasi, anasainisha karatasi, anaondoka na nywila ya kiwandani ikiwa palepale. Tuandike barua moja, isainiwe na mtaa wote: fundi asitoke mlangoni kabla mteja hajaibadilisha mbele yake.

Wajumbe, tangazeni kwenye grupu la mtaa kuanzia Jumatano ili watu wajiandae. Atakayekwama aulize humo humo, lakini asitume picha ya kile kibandiko cha ruta. Grupu lina watu zaidi ya mia, na nywila imeandikwa pale waziwazi.