Kawia ufike: Mtego wa saa mbili kati ya Nairobi na Mombasa

KWA mkazi wa Magogoni, katika eneo bunge la Kisauni, safari ya kutoka Ghuba haimaliziki ndege inapotua nchini. Inapotua Nairobi, msafiri bado yuko takriban kilomita 480 kutoka nyumbani. Mbele yake kuna foleni ya uhamiaji, mkanda wa mizigo, meza ya forodha, jengo jingine la abiria na ndege ya pili ya mwendo wa takriban saa moja. Akishafika Mombasa, kuna barabara ya kutoka Port Reitz, kupitia kisiwani, hadi ng’ambo ya daraja la Nyali.

Ni katika hatua hizo za mwisho ambapo safari iliyopangwa kwa miezi huharibika kwa dakika chache. Sababu kuu si mvua wala ajali, bali ni hesabu ya muda iliyofanywa vibaya siku tiketi iliponunuliwa.

Kwa mtalii, kuachwa na ndege ni usumbufu. Kwa mfanyakazi aliyemaliza mkataba wa miaka miwili Saudia na kurejea na akiba yake, ni usiku wa kukesha katika jiji asilolijua, na tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Kwa mwana anayekimbilia mazishi ya mzazi wake, hasara hiyo haina fidia. Desturi ya Kiislamu ni kumzika maiti mapema, na jeneza halimsubiri aliyekwama Embakasi.

Chukua mfano wa abiria ambaye ndege yake inatua katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) saa nane mchana, na ambaye amenunua tiketi ya ndege ya Mombasa inayoondoka saa kumi. Kwenye karatasi, ana saa mbili kamili. Wengi huona muda huo unatosha, hata kuzidi.

Lakini saa mbili hizo si zake zote. Kwa kawaida, kaunta za kupokea abiria na mizigo ya safari za ndani hufungwa kati ya dakika 30 na 45 kabla ya ndege kuondoka. Zikifungwa dakika 45 kabla, abiria huyo amebaki na dakika 75. Tuseme anatumia dakika 20 kushuka na kufika kwenye ukumbi wa uhamiaji, dakika 30 kwenye foleni, dakika nyingine 30 akisubiri masanduku, 15 kwenye forodha na 15 kuelekea jengo la safari za ndani. Jumla ni dakika 110. Ameikuta kaunta imefungwa kwa zaidi ya nusu saa, ingawa ndege yake ya kwanza haikuchelewa hata dakika moja.

Makadirio hayo hubadilika kutegemea siku na saa. Ndege kubwa tatu zikitua kwa pamoja, foleni hurefuka maradufu. Mwenye begi la mkononi pekee huokoa nusu saa nzima. Hata hivyo, anayerejea kutoka Ghuba ni nadra kuwa na begi la mkononi pekee. Mara nyingi huja na masanduku yaliyofungwa kwa kamba na mablanketi, na pengine televisheni. Mizigo ya aina hiyo ndiyo huvuta macho ya maafisa wa forodha. Mwaka 2023, Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilipowakumbusha wasafiri kuhusu ushuru wa bidhaa zinazozidi thamani ya dola 500, malalamiko yalizuka kote nchini kuhusu upekuzi wa mabegi.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalifahamu ni kwamba ukaguzi wa uhamiaji hufanywa mahali pa kwanza abiria anapoingia nchini. Anayetoka Dubai kwenda London kupitia Nairobi hupita tu bila kugongewa muhuri. Anayetoka Dubai kwenda Mombasa kupitia Nairobi huingia Kenya akiwa Nairobi, na kuanzia hapo ni msafiri wa ndani. Ndiyo maana muda wa kuunganisha safari ya kimataifa na ya ndani huwa mrefu kuliko wa kuunganisha safari mbili za kimataifa, japo kwenye ramani Mombasa ni karibu zaidi.

Aidha, kuna suala la aina ya tiketi, nalo ndilo kiini cha tatizo hili. Safari mbili zikiwa chini ya nambari moja ya kuhifadhi nafasi, shirika la ndege limeuza safari moja hadi Mombasa. Mfumo wa mauzo haupaswi kuruhusu muda ulio chini ya kiwango kilichowekwa kwa uwanja husika. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni jukumu la shirika kumtafutia abiria nafasi katika ndege inayofuata bila malipo ya ziada.

Tiketi zikiwa mbili, zilizonunuliwa mbalimbali, mambo hugeuka. Shirika la pili halina habari kwamba abiria wake yuko angani akitokea Doha au Jeddah. Kwalo, huyo ni mtu ambaye hakufika. Nauli yake hupotea, na kama alikuwa amenunua pia tiketi ya kurudi katika mpango huo huo, mara nyingi nayo hufutwa. Shirika la kwanza nalo hujibu kwamba limetimiza wajibu wake kwa kumfikisha Nairobi.

Kwa maneno mengine, anayenunua tiketi mbili ili kupunguza gharama huwa amenunua pia hatari yote ya kuchelewa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Akiba ya shilingi elfu chache huweza kumezwa na usiku mmoja wa hoteli na nauli ya asubuhi.

Hata hivyo, si haki kumlaumu msafiri peke yake. Wengi wa vijana na akina mama wa Pwani wanaofanya kazi Ghuba hawajinunulii tiketi. Mikataba mingi humtaka mwajiri alipie tiketi ya kumrejesha mfanyakazi nyumbani, lakini katika tiketi nyingi “nyumbani” huishia Nairobi. Kipande cha mwisho huachiwa mfanyakazi au jamaa zake, ambao hukinunua kwa simu wakiwa Kisauni au Likoni, bila kujua ndege ya kwanza inatua katika jengo gani wala itachukua muda gani kumwachilia abiria.

Kosa jingine hutokana na saa yenyewe. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, ilhali familia hupanga kwa saa za Kiswahili. Ndege inayotua saa 00:30 tarehe ya Jumanne inatua saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, yaani saa chache tu baada ya Jumatatu kuchwa. Asiyezingatia hilo humnunulia ndugu yake tiketi ya Mombasa ya siku isiyo yake, au humfuata uwanjani usiku mmoja baadaye. Saa za tiketi pia ni za mahali husika: Saudia na Qatar saa zao ni sawa na za Kenya, lakini Oman na Milki za Kiarabu ziko mbele kwa saa moja.

Yapo pia matukio yasiyoweza kutabiriwa na yeyote. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje katika JKIA. Novemba 2022, mgomo wa marubani wa Kenya Airways uliwakwamisha maelfu ya abiria. Agosti 2023, umeme ulipotea uwanjani humo. Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India shughuli za JKIA, mpango ambao serikali iliufuta Novemba mwaka huo.

Hata Ghuba kwenyewe hakuna hakikisho. Aprili 16, 2024, mafuriko yalivuruga safari za Dubai kwa siku kadhaa. Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake kwa muda kutokana na tishio la mashambulizi ya makombora ya Iran, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa. Aliyekuwa na tiketi moja siku hizo alicheleweshwa. Aliyekuwa na tiketi mbili alicheleweshwa na kupoteza nauli.

Swali ambalo Wapwani wamekuwa wakiuliza ni kwa nini walazimike kupitia Nairobi ilhali Uwanja wa Kimataifa wa Moi uko Changamwe. Katika miaka ya themanini na tisini, ndege za kukodi zilileta watalii wa Ulaya moja kwa moja hadi Mombasa. Ghasia za Likoni za mwaka 1997 ziliitikisa biashara hiyo. Novemba 28, 2002, magaidi walishambulia hoteli huko Kikambala na kuirushia makombora ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Mei 2014, kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wateja wao Pwani na kusimamisha safari kwa miezi kadhaa.

Ndege za moja kwa moja zilipopungua, wenye hoteli na viongozi wa Pwani walianza kudai anga huria, yaani mashirika ya kigeni yaruhusiwe kutua Mombasa bila masharti makali. Serikali imekuwa ikilegeza kamba kidogo kidogo. Ethiopian Airlines na Turkish Airlines zimekuwa zikiiunganisha Mombasa na Addis Ababa na Istanbul. Januari 2024, flydubai ilianzisha safari nne kwa wiki kati ya Dubai na Mombasa. Faida ya safari kama hizo kwa mkazi wa Magogoni ni dhahiri: uhamiaji, mizigo na forodha humalizikia Mombasa, na kinachobaki ni msongamano wa magari tu.

Wanaopinga anga huria nao wana hoja. Serikali inamiliki asilimia 48.9 ya hisa za Kenya Airways, shirika linalotegemea kuwakusanya abiria Nairobi kabla ya kuwasambaza kwingineko. Abiria wa Mombasa wakichukuliwa na mashirika ya kigeni, hoja hiyo inasema, mlipakodi ndiye atakayebeba mzigo. Shirika hilo lilitangaza faida kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja, lakini likarejea katika hasara katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025.

Ila hoja ya kulinda kitovu cha Nairobi ingekuwa na uzito zaidi iwapo kitovu hicho kingemhudumia vyema anayelazimishwa kukipitia. Kama sera ya taifa inamtaka Mpwani apitie Nairobi, basi ni wajibu wa taifa kuhakikisha njia hiyo inapitika, kwa maafisa wa kutosha ndege zinapotua kwa wingi na maelekezo yanayoeleweka, kwa Kiswahili, kwa anayeunganisha safari ya ndani. Mikataba ya kazi nayo itaje mji wa mwisho wa safari badala ya kutaja nchi pekee. Neno “Mombasa” katika kifungu cha tiketi lingemwondolea mfanyakazi sehemu kubwa ya adha hii.

Kisheria, abiria hajaachwa mikono mitupu. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao huliwajibisha shirika la ndege kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Kwa wanaotoka Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya iliweka fidia inayoweza kufikia yuro 600 kwa safari ndefu. Mahakama ya umoja huo iliamua mwaka 2013 kwamba, safari zikiwa chini ya nafasi moja, kuchelewa hupimwa katika kituo cha mwisho. Hapa tena, nguvu ya abiria imo katika tiketi kuwa moja.

Kwa sasa, msafiri hana budi kujilinda. La kwanza ni kudai tiketi moja hadi Mombasa, hata ikiwa ghali kidogo. La pili, anapokabidhi mizigo, asome kibandiko cha begi: kikiandikwa NBO, begi linaishia Nairobi, kikiandikwa MBA, limeelekezwa Mombasa. Hata hivyo, amwulize mhudumu iwapo atatakiwa kulitoa Nairobi kwa ukaguzi wa forodha. La tatu, mwenye tiketi mbili ajipe saa nne au zaidi kati ya kutua na kuruka, na asichague ndege ya mwisho ya siku, kwa kuwa nyuma yake hakuna nyingine.

La nne ni kuwa na njia mbadala. Tangu 2017, reli ya kisasa imekuwa ikiwabeba abiria kutoka kituo cha Syokimau, kisicho mbali na JKIA, hadi Miritini. Anayetua jioni huweza kufika Pwani kwa gari moshi la usiku au kwa basi, mradi ahifadhi nafasi mapema. Anayekimbilia mazishi ni bora awaeleze jamaa zake ukweli wa saa mapema, ili waamue kumsubiri au kuendelea, kuliko kuwapa ahadi ambayo foleni ya uhamiaji itaivunja.

Wakazi wa Magogoni wanaijua vyema methali ya kawia ufike. Saa mbili za ziada kwenye kiti cha uwanja wa ndege huchosha, lakini kinachochosha zaidi ni kuiona ndege ya Mombasa ikipaa huku sanduku likizunguka kwenye mkanda, na nyumbani, ng’ambo ya Nyali, watu wakiwa wameketi wakisubiri.