Kinanda cha Umeme na Sauti ya Marimba

Kwaya zinazojifunza nyimbo kwa kufuata kinanda cha umeme ni nyingi, na Mkoa wa Singida nao unazo. Chombo hicho kina manufaa yake. Linalopasa kuulizwa ni hili: sauti zake zimepangwa kwa kipimo gani?

Kiwandani, oktava moja hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa asili wa Wagogo, wakaao Dodoma na sehemu za Manyoni, haukujengwa hivyo. Gerhard Kubik na wataalamu wengine wameeleza kwamba ngazi yake hutokana na sauti zipatikanazo kwa kuzidisha mtetemo mmoja wa msingi mara 4, 5, 6, mpaka 9. Mwanafunzi achukue kalamu. Msingi ukiwa mitetemo 110 kwa sekunde, atapata 440, 550, 660, 770, 880 na 990. Kinanda kianziacho 440 hiyo hiyo kina 554 mahali pa 550, tofauti ambayo wengi huivumilia. Lakini mahali pa 770 kina 784. Hiyo ni karibu theluthi moja ya hatua ya kinanda, na marimba ikipigwa pamoja nacho, sauti hukwaruzana.

Hapo ndipo kompyuta ifaapo. Wengi hudhani kwamba waya uunganishao kinanda na kompyuta hubeba sauti. Sivyo. Kwa mpango uitwao MIDI, uliotolewa mwaka 1983, waya hupeleka tarakimu tu: kibonyezo kipi kimeguswa, kwa nguvu gani, na kimeachwa lini. Kibonyezo cha sauti ya 440 ni namba 69. Programu iliyomo katika kompyuta ndiyo izaayo sauti, na namba hiyo yaweza kupewa mtetemo wowote. Zipo programu za bure zinazopokea jedwali la namna hiyo. Spika ya kinanda chenyewe sharti inyamazishwe, la sivyo sauti mbili zitagombana na mwalimu atadhani mashine imeharibika.

Lakini kompyuta hiyo hiyo yaweza kuharibu. Programu nyingi za kuhariri zina uwezo wa "kusahihisha" uimbaji, na zisipoelekezwa vingine, aghalabu hufuata zile hatua 12. Mwimbaji aliyeimba 770 barabara, kama alivyofundishwa na bibi yake, husukumwa hadi 784, na fundi wa studio huamini kwamba ameondoa kosa. Mashine haina hatia, imetii. Mkosaji ni yule adhaniye kuwa hatua 12 ni kanuni ya maumbile, kama mvutano wa dunia, hali ni mapatano ya watu. Nyimbo zilizorekebishwa hivyo zikienea redioni na katika simu, watoto watazifuata hizo.

Shule yenye kompyuta moja, na simu yenye programu ya kupima mitetemo, yaweza kuanza kazi wakati wa somo la mawimbi. Mpiga marimba aalikwe, apige chuma kimoja kimoja, wanafunzi waandike idadi. Jedwali lifuate baadaye. Vyuma hivyo husogezwa kwa sikio, na marimba mbili huenda zisilingane msingi, hivyo hapana budi zipimwe kadhaa. Tena zipimwe kabla kinanda hakijawashwa, maana mpigaji akishakisikia huenda akaanza kukifuata.