Wanafunzi wa BCom wachague mkondo kwa kupima soko, si kwa kufuata mkumbo

Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya biashara, almaarufu BCom, katika bewa la Lower Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi hujikuta katika njia panda. Baada ya kufunzwa masomo ya pamoja katika sehemu ya kwanza ya kozi hiyo ya miaka minne, hutakiwa kuchagua mkondo mmoja wa kubobea: uhasibu, fedha, uuzaji, usimamizi wa wafanyakazi, ununuzi na ugavi, bima, mifumo ya habari au mwingineo.

Uamuzi huo huchukua dakika chache tu za kujaza fomu, lakini athari zake hudumu miaka mingi. La kusikitisha ni kwamba wengi huufanya kwa kuchungulia fomu ya mwenzao. Fuata nyuki ule asali, husema wahenga, na kwa muda mrefu nyuki wa BCom wameruka kuelekea uhasibu na fedha.

Mazoea hayo yana chimbuko lake. Bodi ya mitihani ya uhasibu, KASNEB, iliundwa mwaka 1969, na kwa miongo kadhaa cheti cha CPA kimekuwa ndicho kipimo cha msomi wa biashara jijini. Hata baadhi ya vyuo vikuu vya kibinafsi vinavyosifika leo kwa masomo ya biashara vilianza kama shule za wahasibu. KCA, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1989 na taasisi ya wahasibu nchini, ICPAK, kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Mzazi aliyelelewa katika mazingira hayo hawezi kulaumiwa anapomshauri mwanawe asome uhasibu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mzazi huyo huenda hafahamu. Kubobea katika uhasibu chuoni hakumfanyi mtu kuwa mhasibu mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, anayetaka kukagua hesabu za kampuni na kutia sahihi ripoti ya ukaguzi ni sharti awe mwanachama wa ICPAK mwenye leseni. Uanachama huo hupatikana kwa kufaulu mitihani ya taaluma, wala si kwa kuvaa joho siku ya mahafala.

Isitoshe, mlango wa mitihani hiyo uko wazi kwa wengi. Aliyesomea uuzaji au bima anaweza kujisajili kufanya CPA. Tofauti ni kwamba aliyepitia mkondo wa uhasibu husamehewa karatasi zaidi kutokana na masomo aliyokwisha kuyafanya. Hiyo ni nafuu ya muda na fedha, lakini haimzuii mwingine kuingia. Makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu yenye ofisi Westlands, kando ya barabara ya Waiyaki, yamekuwa yakipokea wahitimu wa taaluma mbalimbali na kuwataka wafanye mitihani hiyo wakiwa kazini.

Kwa hivyo, swali ambalo mwanafunzi anafaa kujiuliza si mkondo upi una heshima, bali sheria itamdai nini baada ya kuhitimu, na ni nani atakayemhitaji.

Mabadiliko yaliyotokea katika miaka ishirini iliyopita yanatoa mwangaza. Sheria ya mwaka 2007 kuhusu wataalamu wa ununuzi na ugavi ilipiga marufuku mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kupewa leseni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 ikaongeza kwamba shughuli za ununuzi katika idara za serikali zisimamiwe na wenye ujuzi unaotambuliwa. Nao wasimamizi wa wafanyakazi walipata sheria yao mwaka 2012, yenye masharti ya usajili na mitihani.

Katiba ya mwaka 2010 nayo ilileta kaunti 47, ambazo serikali zake zilianza kazi mwaka 2013. Kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma, afisi yake ya ununuzi na idara yake ya fedha. Mikondo miwili iliyokuwa ikidharauliwa kama kimbilio la waliokosa nafasi kwingine, yaani ununuzi na usimamizi wa wafanyakazi, ghafla ikawa na waajiri wapya kutoka Mombasa hadi Busia.

Lakini mkono mmoja ulipotoa, mwingine ulitwaa. Leseni hizo zina maana kwamba mhitimu wa mikondo hiyo pia hana budi kurejea katika chumba cha mtihani. Mzazi aliyedhani amemaliza kulipa karo hujikuta akidaiwa ada nyingine za mitihani na za uanachama.

Katika mkondo wa fedha, hali ni tofauti. Ndoto ya wengi ilikuwa kuajiriwa na benki katikati ya jiji, katika majengo ya barabara ya Kenyatta au ya Moi. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, na benki kuruhusiwa kutumia mawakala mwaka 2010, kazi ya kuhesabu noti kaunta ilianza kuhamia katika vibanda vya mitaani. Kisha sheria ya kudhibiti riba, iliyodumu kuanzia mwaka 2016 hadi 2019, ikabana mapato ya benki, na kadhaa zikafunga matawi na kupunguza wafanyakazi.

Hii haina maana kwamba elimu ya fedha imepoteza thamani. Kilichobadilika ni kazi yenyewe. Anayehitajika sasa ni mtu wa kupima hatari ya mkopo unaotolewa kwa simu, wala si wa kupiga muhuri hati ya kuweka pesa. Mwanafunzi wa fedha anayekwepa takwimu na kompyuta anajiandalia kazi ambayo haipo tena.

Uhasibu wenyewe umeguswa. Tangu Januari 1, 2024, mfanyabiashara hawezi kuondoa gharama katika hesabu ya kodi yake bila ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, isipokuwa kwa gharama chache zilizosamehewa. Mashine inanakili yale ambayo karani aliandika zamani kwa mkono. Wakati huo huo, mwenye duka katika barabara ya River anahitaji mtu wa kumfafanulia takwa hilo kwa lugha anayoielewa. Kazi ya karani inapungua, ya mshauri inaongezeka.

Wanaoonekana kuelewa haya mapema ni wanafunzi wa jioni, ambao husomea katikati ya jiji baada ya saa za kazi. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua mpango wa wanaojilipia karo mwaka 1998, madarasa hayo yamevutia makarani, wauzaji na watumishi wa serikali. Hawa hawachagui mkondo kwa kubahatisha. Huchagua kwa sababu wameona ni cheti kipi kilichompandisha cheo jirani yao wa meza ya pili.

Mwanafunzi wa mchana hana dirisha hilo. Amekuja moja kwa moja kutoka shule ya upili na huenda hajawahi kuingia katika afisi ya ununuzi, sembuse kujua kinachofanyika humo. Mafunzo ya nyanjani, ambayo yangemfungua macho, mara nyingi huja baada ya mkondo kuchaguliwa. Huo ni mpangilio unaofaa kugeuzwa: mwanafunzi aone kazi kwanza, ndipo achague.

Vyuo pia vina deni. Vinajua ni wangapi waliofuzu katika kila mkondo, na vina njia za kuwatafuta na kuwauliza wanafanya nini miaka mitatu baadaye. Kuchapisha matokeo hayo kabla ya fomu kugawanywa kungemsaidia mwanafunzi kuliko hotuba yoyote ya siku ya taaluma.

Mchagua jembe si mkulima, husema Waswahili, na wapo watakaoitumia methali hiyo kudai kwamba mkondo wowote unatosha mradi mtu awe na bidii. Wana ukweli kiasi. Lakini aliyesoma kwa mkopo wa HELB hutakiwa kuanza kuulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo, awe amepata ajira au la. Kwa kijana kama huyo, jembe lisilolingana na shamba ni hasara inayotozwa riba.

Kabla ya kutia sahihi, basi, mwanafunzi na ajibu maswali matatu: Je, kazi ninayoitaka inadai leseni gani? Itanigharimu kiasi gani na muda gani kuipata baada ya shahada? Na ni nani, kwa jina la afisi yake, anayeajiri watu wa aina hiyo leo? Asiyeweza kujibu hata moja hajachagua bado, hata kama fomu yake imejaa.