KAZI YA MUNGU HAINA MAKOSA, LAKINI KAZI YA FUNDI WA BREKI INAYO



Ndugu zangu katika imani, leo nitaanzia mbali kidogo, huko Ufaransa, kwenye mashindano ya magari, kisha nitarudi kwenye barabara zetu. Kama moyoni unasema, "Sheikh na mashindano ya magari wapi na wapi?" nakuomba usubiri, jibu lako linakuja.

Katika mji wa Le Mans kuna mashindano ya magari ya saa 24. Yalianza mwaka 1923. Njia yake ina zaidi ya kilomita 13, na sehemu kubwa ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine wananchi wanapita na shughuli zao. Gari moja lina madereva watatu wanaopokezana. Wanaendesha mchana, usiku, kwenye jua na kwenye mvua, mpaka ile saa waliyoanza jana inarudi tena. Anayeshinda si mwenye mbio kuliko wote kwa dakika moja. Ni yule aliyekwenda masafa marefu kuliko wenzake na gari lake likafika.

Mwaka 2016 timu ya Toyota ilikuwa haijawahi kushinda pale, ingawa ilishapata nafasi ya pili mara kadhaa. Mwaka huo gari lao namba 5 likawa linaongoza. Zikabaki dakika chache sana, kama tatu hivi, kumaliza saa 24. Dereva wao Kazuki Nakajima akaita kwenye redio kwamba gari limeishiwa nguvu. Likasimama mbele ya jukwaa la watazamaji. Gari la Porsche likapita, likashinda. Timu ilipochunguza ikakuta ni kiungio cha bomba la hewa, kati ya turbo na kipozea hewa, ndicho kilichoharibika. Na kwa sababu mzunguko wake wa mwisho ulichukua muda mrefu kupita kanuni, gari lile halikuandikwa hata kwenye orodha ya waliomaliza. Saa 23 na dakika zake zote, hazikuhesabiwa.

Mwaka 2017 wakarudi. Usiku, gari lao lililokuwa linaongoza lilikuwa limesimama kwenye njia ya kutokea kibanda cha mafundi. Akaja dereva wa timu nyingine, kwa nia njema tu, akamwonyesha dereva wa Toyota dole gumba kumtia moyo. Yule akadhani ni msimamizi amemruhusu aondoke. Akaondoka, redioni wakamwambia simama, akasimama, akaondoka tena. Klachi ikaungua, gari likatoka mashindanoni. Mwaka mmoja wameangushwa na kiungio cha bomba, mwaka wa pili na dole gumba.

Sasa angalia walichofanya kabla ya mwaka 2018. Hawakuishia kutengeneza gari lenye mbio zaidi. Kwenye majaribio walijiwekea matatizo kwa makusudi. Waliharibu jambo hili, wakaharibu lile, ili wajue dereva atasema nini, fundi atafanya nini, na nani atampa nani amri. Walifanya hata zoezi la kurudisha gari likiwa na magurudumu matatu. Mwaka huo wakashinda. Haki isemwe: Porsche walikuwa wameshajitoa katika daraja lile, kwa hiyo mshindani mkubwa hakuwepo. Lakini barabara ilikuwepo, usiku ulikuwepo, na saa 24 zilikuwa zile zile. Wakashinda miaka mitano mfululizo, 2018 mpaka 2022.

Sasa jibu la yule aliyeuliza, wapi na wapi. Ndugu yangu, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliendesha mashindano ya farasi Madina. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Ibn Umar (r.a.), ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na farasi wale waligawanywa makundi mawili. Kulikuwa na farasi walioandaliwa. Maandalizi yao yanaitwa tadhmir: farasi hulishwa mpaka akapata nguvu, kisha hupunguziwa chakula na kufunikwa ili atoke jasho, mwili ukaze na pumzi iwe ndefu. Hao walishindana kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili tano au sita. Na kulikuwa na farasi wasioandaliwa. Hao walipewa kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, maili moja tu.

Tuzingatie hapa. Asiyeandaliwa hakupewa masafa ya aliyeandaliwa. Hakuambiwa, "Nenda tu, Mungu yupo." Mungu yupo, na ndiyo maana mnyama wake hapewi safari asiyoiweza. Na ikiwa farasi amehurumiwa hivyo, vipi abiria hamsini waliolala ndani ya basi?

Sasa turudi kwetu. Mimi ni imamu, na kazi yangu nyingine ni kusimama mbele ya jeneza. Nimeshaswalisha waliokufa barabarani, vijana wa bodaboda, akina mama waliokuwa wanakwenda msibani wakawa wao ndio msiba. Na kila mara, kabla udongo haujakauka, husikika neno lile: "Kazi ya Mungu haina makosa."

Ni kweli, wallahi. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kazi ya fundi wa breki inayo. Kazi ya dereva aliyekesha inayo. Kazi ya tajiri anayejua tairi limekwisha na akasema "litafika tu" inayo. Tusichukue makosa ya hawa tukayafunika kwa shuka la qadar.

Utasema: kwani ajali si qadar? Ni qadar, na kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini tazama sheria yetu. Surat An-Nisaa, aya ya 92, imeweka hukumu ya aliyeua muumini kwa kukosea, bila kukusudia. Imemwekea diya kwa warithi wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na imemwekea kafara, ambayo kwa asiyeweza kuacha mtumwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Jiulize: kama neno "ni kazi ya Mungu" lingetosha kufunga faili, diya ingekuwa ya nini? Kafara ingekuwa ya nini? Allah aliyeandika ajali ndiye aliyeandika pia kwamba mtu ataulizwa.

Na Umar ibn al-Khattab (r.a.) alipofika njiani kuelekea Sham akaambiwa kuna tauni, akarudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamfahamisha kuwa anatoka kwenye qadar moja kwenda kwenye qadar nyingine, na zote ni za Allah. Kwa hiyo breki nzima ni qadar ya Allah. Usingizi wa saa nane wa dereva ni qadar ya Allah. Kwa nini kila siku tunachagua ile ya tairi kipara?

Nirudi Le Mans kidogo, kuna mawili yanatuhusu.

La kwanza, kanuni zao hazimruhusu dereva kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla. Na hao ni madereva wa daraja la juu duniani, wanaangaliwa kila sekunde. Kwetu kuna anayetoka safari ya usiku, akala, akanawa uso, akageuza gari.

La pili, zamani madereva walipanga magari upande mmoja, wao wakasimama upande wa pili. Bendera ikishuka wanakimbia, wanaruka ndani, wanaondoka, na wengi waliacha kufunga mkanda ili wasichelewe. Mwaka 1969 Jacky Ickx alikataa. Alitembea taratibu mpaka kwenye gari lake, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko wa kwanza kabisa dereva mmoja, John Woolfe, alipata ajali akafa, na inaelezwa hakuwa amefunga mkanda. Kesho yake, baada ya saa 24, aliyeondoka wa mwisho ndiye aliyefika wa kwanza, akimzidi wa pili kwa mita kama 120 tu. Mtindo ule wa kukimbilia magari ukaachwa. Haraka haraka haina baraka, wazee wetu walishasema.

Ndugu yangu, maoni yangu ni haya, nayasema mbele ya Allah.

Mwenye gari: kumlipa dereva wa pili ni amana kabla hujaiona kuwa ni gharama. Roho za watu ziko shingoni mwako hata kama umelala nyumbani.

Dereva: ukisinzia, simama. Abiria wakikutukana, watukane. Matusi yanasameheka, na maiti harudi.

Abiria: dua ya safari isome, nayo ni sunna. Kisha ukiona dereva anasinzia au anaendesha kama kichaa, sema. Kukataza ubaya hakuishi kwenye mimbari.

Na sisi maimamu: tukisimama makaburini tuwafariji wafiwa kwa qadar, na Ijumaa inayofuata tuwaulize walio hai kuhusu breki.

Wale watu wa Le Mans wanahangaika hivyo kwa ajili ya kikombe. Wewe umebeba watoto wa watu.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia barabarani, waponye majeruhi, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaofunga ngamia kisha wakakutegemea Wewe. Aamiin.

Mfikishie ndugu yako dereva, na tajiri wake pia. Wabillahi tawfiq.