KLORINI YA RUVU HAIFIKI MANZESE!

Ndugu msomaji, wewe unayeamka saa tisa za usiku kukinga maji, hebu nijibu: bomba likianza kukoroma, ile ndoo ya kwanza unainywa? Hunywi. Unaimwaga, maana maji yana rangi ya chai na yananuka mtaro. Ya pili ndiyo unapikia. Sasa nani alikudanganya kwamba ya pili ni safi?

Wakubwa watakwambia maji yanasafishwa. Hapo siwabishii. Mtambo wa Ruvu Juu upo Mlandizi tangu 1959, wa Ruvu Chini upo Bagamoyo tangu 1976. Yanachujwa, yanatiwa klorini. Lakini wewe hulali mtamboni. Unalala Manzese, Tandale, Vingunguti.

Sikiliza mchezo ulivyo. Bomba likijaa maji yenye nguvu, hata likitoboka, maji hutoka nje na uchafu hauingii. Wakifunga, bomba linabaki tupu. Hapo kila kilicholizunguka lile tundu, maji ya mtaro na ya choo kilichofurika, kinanyonywa ndani. Halafu yupo mwenye nacho aliyefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili avute kabla yako. Huyo anavuta maji na kinyesi cha jirani pamoja! Wakifungulia, mchanganyiko wote unakuja kwako, na klorini iliyobaki haifui dafu.

Kwa hiyo mgawo si kero tu. Oktoba 2022 ukame ulipoukausha Ruvu, jiji likapewa ratiba ya mgawo. Mimi niliiita ratiba ya kuharisha.

Au mmesahau? Agosti 2015, wagombea wakiwa majukwaani, kipindupindu kililipuka Dar es Salaam kikasambaa. Hadi katikati ya 2016 zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameugua nchini na zaidi ya 300 wamezikwa. Waliozikwa hawakuwa watoto wa wanaokunywa maji ya chupa.

Na lile changa la macho la 2003 je? Kwa shinikizo la Benki ya Dunia, mabomba ya jiji yalikabidhiwa City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll wa hapa hapa. Mkataba wa miaka 10! Mei 2005, uchaguzi ukinukia, serikali ikauvunja. Kesi ikaenda nje, na Julai 2008 wasuluhishi wakasema serikali ilikosea lakini hailipi fidia. Vigogo wakashangilia. Ikaja DAWASCO, nayo 2018 ikaunganishwa na DAWASA. Majina yanabadilika, matundu ni yale yale.

Shirika la Afya Duniani linataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale bombani kwako, si pale mtamboni. Bili yako unaletewa hadi mlangoni, tena kwa wakati. Kipimo cha maji ya mtaa wako umewahi kukiona kimebandikwa wapi?

Tunataka kibandikwe kila wiki kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: tarehe, bomba gani, klorini kiasi gani, vijidudu vipo au havipo. Ofisi unaijua, mwenyekiti unamjua. Jumatatu asubuhi ondokeni pale kijiweni, mwende mkamuulize. Na ile ndoo ya kwanza msiimwage. Mpelekeeni.