Kasi ya nini, kama kufuli halifunguki?

Wenzangu mnaoandika programu, leo nina neno moja tu: programu mbili zikitaka kupeana ujumbe, zipeni paipu. Acheni kukimbilia kumbukumbu ya pamoja eti kwa sababu ina kasi.

Kasi siikatai. Kwa shmget() na shmat(), programu mbili zinaona sehemu ileile ya kumbukumbu, hakuna kunakili. PostgreSQL hutumia kumbukumbu ya pamoja, na ina haki. Lakini keneli haikupangii zamu. Kufuli la kuamua nani aandike na nani angoje ni juu yako, na balaa huanzia hapo.

Nyumba moja ya wageni hapa Malindi iliniita. Programu ya mapokezi ilipeleka risiti kwa programu ya kuchapisha kupitia kumbukumbu ya pamoja, semafori ikiwa ndiyo kufuli. Ile ya kuchapisha ikifa katikati ya kazi, inakufa na kufuli mkononi. Ni kama mtu aliyejifungia chumbani kwa komeo, kisha akazirai. Mapokezi inangoja milele, wageni wamesimama na mabegi, karani anaandika risiti kwa mkono. Dawa yao ilikuwa kuzima kompyuta na kuiwasha upya, maana vitu hivi vya System V hubaki kwenye keneli hata programu zote zikifa. Amri ya ipcs ilinionyesha vyote, ipcrm ikavifuta.

Ndiyo, ipo SEM_UNDO, inayoachilia semafori mwenyewe akifa. Lakini haiirekebishi risiti iliyoandikwa nusu.

Paipu imo ndani ya Unix tangu 1973, Ken Thompson alipolitekeleza wazo la Doug McIlroy. Msomaji akifa, mwandishi akijaribu kuandika tena hupata SIGPIPE. Mwandishi akifa, msomaji huona data imekwisha. Ikijaa, kwa kawaida baiti 65,536 kwenye Linux, mwandishi hungoja. Ujumbe usiozidi baiti 4,096 hauchanganyiki na wa mwingine. Hujaandika kufuli hata moja! Programu zisizo na mzazi mmoja zina mkfifo().

Kasoro ipo: kilichobaki ndani ya paipu hupotea pande zote zikifa. Basi hifadhi risiti diskini kwanza.

Na kasi? Jamani, printa ya risiti ni ya polepole kuliko paipu yoyote. Tulibadilisha, na karani akaweka kalamu chini. Mwenye hoja ya kunipinga, uwanja ni wake.